Mama Juri na Wagonjwa Wake wa Uongo

Mimi sikumwamini yule mama, na yeye hakuniamini. Tuliishi hivyo miaka mingi, nyumba yake juu ya njia, yangu chini yake, tukisalimiana kila asubuhi huku kila mmoja akitazama mwenzake amebeba nini mkononi. Mkiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nitasema nilichokiona kwa macho. Alizaliwa na nani, ukoo wao unaanzia wapi, hayo waulizeni wa kwao. Mimi ni muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, hapa Kalundu ya Uvira. Shule niliiacha kabla sijajua kugawanya. Mtu ninamjua kwa anavyotembea, anavyonunua na anavyokasirika.

Sisi wote tulimwita Mama Juri. Alifanya kazi ya uuguzi miaka mingi, zaidi kwenye chumba cha kuzalisha, kisha wakamweka kuongoza juri, yaani wale watu wanaowapima wanafunzi wa shule ya wauguzi wakimaliza masomo. Ukipita kwao unapewa diplome, na ukipewa diplome unaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Usipopita, unarudi nyumbani na aibu yako, na wazazi wako wamekwisha kuuza mbuzi.

Basi mtu wa namna hiyo anapendwa na nani?

Kwanza alikuwa anatembea katikati ya njia. Si pembeni kama watu. Katikati kabisa, kikwembe kimekazwa kiunoni, mkoba umebanwa kwapani. Pikipiki zilimpigia honi na vijana wa bandarini walimcheka.

"Mama Juri, magurudumu yatakula weye!"

"Magurudumu yanapiga kelele yakikuja," aliwajibu bila kugeuka. "Minye naogopa wale banaokuja polepole."

Alisema kweli. Mtihani ukikaribia, watu walikuwa wanamnyemelea. Mwenye mtoto, mwenye shemeji, mwenye mdogo wa mke. Wanataka kumfikia sikio. Yeye akiwaona wanakaribia na sauti ya chini, alisimama pale pale akasema, "Sema kwa nguvu. Huyu jirani hajasikia." Jirani mwenyewe ni mimi, niko kwenye mkeka wa ndagala, masikio yamesimama.

Siku moja alikuja sokoni baba mmoja kutoka Runingu, mkulima, amevaa koti katika jua lile, na chini ya koti kitu kinatikisika.

"Mama, nimekuletea salamu za nyumbani."

"Salamu gani hiyo iko na manyoya?"

Kuku akalia. Soko zima likacheka, mpaka wale mama wa mihogo ambao hawachekagi. Yule baba alitembea na kuku wake kurudi barabarani, na mimi nilimhurumia, kwa sababu bila shaka hakujua kwamba ni vibaya. Kwao ukienda kuomba neno kwa mkubwa huendi mikono mitupu. Lakini Mama Juri hakumhurumia. Alinunua ndagala zangu, akachambua moja moja kama kawaida yake, akatoa zilizovunjika vichwa, akaenda.

Katika mwezi wa mtihani hakula kwa mtu. Hakunywa maji ya mtu. Nilifiwa na dada yangu mwezi huo huo. Watu wamejaa uwanjani, tumepika bugali na sombe ya majani ya muhogo, yeye amekuja, amelia vizuri, amekaa na sisi chini. Nilipompelekea sahani alifungua kitambaa chake akatoa mahindi ya kuchoma aliyotoka nayo kwake.

Nilikasirika sana. Nilimwambia mbele ya watu, "Mama, unadhani katika sombe ya matanga nimetia mutihani?"

"Minye sijui umetia nini," akasema. "Uko na mujukuu kule shuleni."

Kwa kweli nilikuwa naye. Riziki, mtoto wa binti yangu. Nilimlea mimi baada ya mama yake kwenda kuolewa upande wa ng'ambo. Alikuwa mwaka wa kwanza bado, mtihani wa mwisho uko mbali. Lakini yule mama alianza kuogopa sombe yangu toka wakati ule.

Ndipo nami nilipoanza kumshuku vizuri. Nilijiambia, mtu asiye na kitu hakatai kwa nguvu namna hiyo. Anayekataa maji hadharani, huenda anapokea soda kwa siri. Nikaanza kumtazama. Nani anaingia kwake, nani anatoka, anabeba nini. Ziwa lilipopanda likala nyumba za chini, yake ya zamani ilikwenda na maji, akajenga ile ya juu, na juu ya ile mpya akaweka mabati yanayong'aa. Mabati! Mshahara wa wauguzi wa hapa kwetu tunaujua unavyochelewa. Nilimuuliza ameyatoa wapi. Akasema, "Dukani." Mpaka leo sijui habari ya yale mabati, na sitasema najua.

Na kulikuwa na jambo lingine. Yule mama alikuwa anaiba kwenye kibuguzo. Mnajua ule mchezo wa mbegu na mashimo, watu wa tambarare wanaupenda kuliko kulala. Jumapili baada ya misa alikuwa anacheza na mama mmoja wa Nyakabere, mcheshi, mwenye meno makubwa. Mkono wa Mama Juri ukipita juu ya shimo, mbegu mbili zinapotea. Ukimwambia, anaapa kwa watakatifu wote.

"Mama Juri, umeficha mbegu!"

"Minye? Unitafute mikononi!"

Tunamtafuta mikononi, hamna. Ziko chini ya goti. Nilimwambia, "Mtu anaiba mbegu ambazo hata haziliwi, mbele ya mtihani atafanya nini?" Alinitazama bila haya. "Kibuguzo hakuna muntu anakufa," akasema. Alikuwa na jibu kwa kila kitu, na hilo pia sikulipenda.

Sasa niseme nilivyoingia katika kazi yake, maana niliingia.

Mtihani wao ulikuwa na sehemu ya karatasi na sehemu ya mikono. Sehemu ya mikono, mwanafunzi anaingia chumbani anamkuta mgonjwa kitandani. Mgonjwa huyo haumwi. Ni mama wa sokoni aliyekubali kulala na kusema ninaumwa hapa na hapa. Mama Juri ndiye aliyewachagua wale wagonjwa wa uongo. Siku moja alisimama mbele ya meza yangu, mimi nikibishana bei na mwanamke aliyetoka Baraka. Nilimwambia yule mwanamke ndagala ni za leo. Hazikuwa za leo. Mwanamke alipokwenda, Mama Juri akasema:

"Weye unajua kudanganya bila uso kutikisika. Utakuwa mugonjwa wangu."

"Unanitukana au unanipa kazi?"

"Vyote viwili."

Nilikubali kwa sababu nilitaka kuona ndani. Nilisema, sasa nitamkamata.

Alitufunza yeye mwenyewe. Asubuhi ya mtihani alitukusanya, akachukua simu zetu akazifungia kwenye mkoba. Kisha alimpitia kila mmoja wetu, akamwambia sikioni ugonjwa wa siku ile. Tangu hapo hutoki mpaka mwanafunzi wa mwisho aende kwao. Ukitaka choo, anakusindikiza. Mimi mtu mzima nasindikizwa chooni! Nilimwambia, "Unafikiri nitamwambia ukuta?" Akasema, "Ukuta wa choo cha shule uko na tundu, nimeliona."

Na sheria yake kwetu ilikuwa moja, aliirudia mpaka inatoka puani. "Musiseme kitu kama hawajauliza. Akiuliza, mwambie kweli. Asipouliza, nyamaza, kufa."

"Nikufe namna gani?" akauliza mama wa Nyakabere, maana naye alikuwa mmoja wetu.

"Polepole. Umuangalie tu."

Basi nililala vitanda vile miaka kadhaa. Nimekuwa na malaria, nimekuwa na kifua, nimekuwa na mguu uliovunjika ambao haukuvunjika. Na niliona kitu ambacho sikukitazamia. Watoto wetu walikuwa wanaanguka kwa sababu ya adabu. Anaingia kijana mzuri, amelelewa, anapiga goti kidogo, "Jambo koko," anatazama chini. Mimi nina ugonjwa wa tumbo la kuhara. Anapaswa kuniuliza nimekwenda choo namna gani, na kinyesi kina rangi gani. Hawezi. Ni mama mzima, sawa na nyanya yake. Anauliza, "Koko, umelala muzuri?" Nasema nimelala. "Umekula?" Nimekula. Anasimama, anatoka jasho, na mimi nakufa polepole kama nilivyoambiwa.

Mmoja wa namna hiyo alikuwa mtoto wa mchungaji. Mama Juri alimwangusha. Mchungaji akaja mwenyewe uwanjani kwake, na kwa sababu alijua desturi, alisema kwa nguvu.

"Mwanangu ana heshima, mama. Uliona kosa gani?"

"Niliona heshima," akasema. "Heshima ile ingemuua huyu mama hapa chini." Akanionyesha kwa kidole, mimi niliyekuwa naanua nguo zangu.

Mwaka mwingine alimwambia mama wa Nyakabere aseme Kirundi peke yake, asitoe neno la Kiswahili. Akaingia msichana mmoja aliyekulia kusini, hajui Kirundi hata salamu. Aliongea naye kidogo, akachoka, akageuka kwa juri akasema mgonjwa amechanganyikiwa akili. Mama wa Nyakabere aliketi kitandani, mkono kiunoni. "Nani amechanganyikiwa?" akasema, kwa Kiswahili safi, na mtihani ukaharibika kwa kicheko. Mama Juri hakucheka. Alimwambia yule msichana, "Mulango ulikuwa wazi. Hukutoka kutafuta muntu wa kukusaidia kusikia. Ulimuita mwenye wazimu kwa sababu iko rahisi." Jioni ya siku matokeo yalipotoka, nilimwona akipanda kwenda kwa yule msichana na mukeke wawili kwenye jani. Alikaa huko mpaka giza likaanza kuingia. Niliuliza kwa nini anampelekea samaki mtu aliyemwangusha. "Matokeo yamekwisha kutoka," akasema. "Sasa iko mutoto wa muntu."

Nilimtazama miaka ile yote, nikitafuta pale atakapoteleza. Sikuona. Lakini kutoona si kuamini.

Ukafika mwaka wa Riziki.

Mama Juri alikuja mwenyewe kuniambia kwamba mjukuu wangu hatapita chumbani kwangu. Atapita kwa mama wa Nyakabere. Nikasema ni sawa. Nilitaka kuacha kabisa mwaka ule, akakataa. "Ukiacha, watasema umeachia kwa sababu ya kitu," akasema. Nikalala kitandani. Sikioni aliniambia, "Leo uko na kipindupindu. Unahara tangu jana, hukojoi tena." Hapa Uvira ugonjwa huo hatuhitaji kufunzwa.

Akaingia mwanafunzi wa kwanza. Hakunisalimu. Alikuja moja kwa moja mkononi mwangu akafinya ngozi, kutazama kama inarudi. Ndivyo wanavyopima mtu aliyeishiwa maji. Lakini mimi sikuwa nimesema neno. Kisha akakimbilia mezani kuchukua seromu, ile chupa ya maji ya kutundika. Nikasema moyoni, huyu ana akili. Akaingia wa pili. Ngozi, seromu. Wa tatu vile vile. Hapo nikaacha kuwasifu. Kati yao alipita msichana mmoja tu aliyeuliza kila kitu, akahangaika, akachelewa, na kwa sababu alichelewa wenzake wakamcheka nje.

Nilimwita Mama Juri. Nilimwambia, "Hawa wanaujua ugonjwa wangu kabla sijaumwa."

Alitazama meza, akatazama mlango, akanitazama mimi. Nami nilikuwa namtazama yeye. Tulifikiri jambo moja kwa pamoja, ila kila mmoja alimfikiria mwenzake. Mimi niliambiwa asubuhi ile ile na simu yangu iko mkobani. Yeye aliujua ugonjwa kabla. Kwangu mimi ilikuwa wazi. Na kwake ilikuwa wazi pia, kwa sababu ni mimi niliyekuwa na mjukuu kule, na ukuta wa choo uko na tundu.

Alisimamisha mtihani. Akatangaza uwanjani hakuna matokeo, wote watarudia sehemu ya mikono. Wazazi walipiga kelele, mwenye shule alipiga kelele. Yeye alipita katikati ya njia akarudi nyumbani.

Kesho yake akasimama mbele ya mlango wangu, sauti juu, majirani wametoka na sufuria mkononi.

"Mama! Ulimuambia mutoto wako?"

"Na weye, uliuza?"

"Nimekuuliza kwanza."

"Nami nakuuliza mbele ya hawa wote. Mabati yale yametoka wapi?"

"Dukani!"

Watu walifurahi sana. Mimi sikufurahi. Riziki alikuwa ndani, nyuma ya pazia, na kitu kilichokuwa kinachezewa pale uwanjani kilikuwa chake. Miaka yake ya kusoma, ndagala zangu zote zilizolipa ile shule, na jina la nyumba yangu. Nilipoingia nilimuuliza, "Minye nilikuambia kitu?" Akasema, "Hapana, koko." Ni kweli sikumwambia. Sikumuuliza zaidi. Nilikuwa na hasira na mtu mwingine, na hasira ikiwa nje huangalii ndani.

Mtihani ukarudiwa. Tulifika asubuhi. Juu ya meza ya kila chumba kulikuwa na vitu vile vile: chupa za seromu, beseni, ndoo. Nikasema, kwa hiyo kipindupindu tena? Mama Juri akaja sikioni.

"Uko na sukari. Unakunywa maji sana, unakojoa sana, kidonda cha mguuni hakiponi. Na leo Riziki atapita kwako."

"Ulisema hatapita kwangu."

"Nimebadilisha."

"Si haki."

"Nataka kuwaona wawili pamoja," akasema.

Alisimama karibu na kichwa cha kitanda. Kabla ya Riziki waliingia wengine, wakanifinya ngozi, wakakimbilia seromu. Zilikuwa seromu za sukari. Mimi nisiyejua kitu nilijua kwamba mtu mwenye ugonjwa wa sukari ukimtundikia sukari unammaliza. Kisha mlango ukafunguka, akaingia Riziki wangu, amevaa blauzi nyeupe niliyoipiga pasi mimi mwenyewe.

Hakunisalimu. Mtoto niliyemlea, hakusema jambo koko. Alikuja akanishika mkono, akafinya ngozi yangu kwa vidole viwili.

Ningeweza kumwonya. Kwa jicho tu ingetosha, ananijua. Ningeweza kukohoa, kuonyesha mguu. Mama Juri hakumwangalia Riziki hata kidogo. Aliniangalia mimi. Nililala. Nilisema kimya, uliza, mutoto, uliza. Uso wangu haukutikisika. Riziki akaenda mezani, akachukua chupa, akasema kwa juri, "Nitamtundikia seromu haraka."

"Asante," akasema Mama Juri. "Toka."

Alipotoka, yule mama aliinama karibu nami. Nilifikiri atanicheka. "Sasa najua si weye," akasema.

Ndivyo nilivyosafishwa. Kwa kuanguka kwa mjukuu wangu.

Jibu lilipatikana siku ile ile. Wale watoto walipobanwa walisema. Bwana wa stoo, anayepanga vitu mezani siku moja kabla, alikuwa anaangalia alichoagizwa kupanga, anakisia ugonjwa, kisha anauza kisio lake kwa simu. Mara ya pili Mama Juri alimwagiza vitu vya kipindupindu makusudi. Mimi sikusema, na Mama Juri hakuuza. Meza ndiyo iliyosema, na yeye ndiye aliyekuwa anaipangisha mapema kila mwaka. Alijilaumu kwa hilo mpaka akakonda.

Nyumbani Riziki alilia. "Walinitumia kwenye simu, koko. Sikuomba."

"Lakini ulisoma."

"Nilisoma."

"Na kule ndani, hata salamu?"

Nilimwacha na machozi yake. Nilikuwa na yangu.

Baada ya hapo mnadhani nani alifukuzwa? Bwana wa stoo yuko mpaka leo, ni shemeji wa mwenye shule. Mama Juri alipewa kikwembe, soda na makofi, wakamwambia apumzike. Wazazi walishangilia. Mwaka uliofuata juri mpya ilipitisha watoto wote, darasa zima, wakateremka kutoka shuleni na matawi mikononi wakiimba, unga umemwagwa vichwani. Riziki alikuwa kati yao. Alikuwa amerudia mwaka, alisoma kwa bidii, nilimwona. Nilimpikia kuku. Lakini nilipokuwa natafuna, nyama haikushuka vizuri. Walipita wote. Sasa mimi nitajuaje kama huyu wangu alipita, au alisukumwa tu na wenzake kama mtu aliye katikati ya umati?

"Nilifanya mwenyewe, koko," akaniambia. Nilimtazama. Alikuwa na uso wangu, ule usiotikisika.

Nilipanda kwa Mama Juri. Hatukuwa tumesema tangu ile siku ya kitanda. Alikuwa anachambua maharage.

"Weye unawajua," nikamwambia. "Riziki anaweza?"

"Sikumuona mwaka huu."

"Nakuomba tu neno moja."

"Muntu sikumuona, simusemei," akasema. "Ata iko wako. Zaidi kama iko wako."

Nikateremka nikimlaani. Riziki alipata kazi kwenye kituo cha afya kilicho karibu na barabara ya kwenda bandarini. Watu walinipongeza. Mimi nilikuwa na goti linalonisumbua tangu masika, na nilikuwa napanda pikipiki kwenda kutibiwa kwingine, mbali, nikimwambia Riziki kwamba nakwenda kutafuta mihogo.

Juzi juzi nilimpelekea chakula mchana, kama ninavyofanya akichelewa. Benchi la nje lilikuwa limejaa, watoto wanalia, na kule mwisho, nyuma ya mwanamke mjamzito, nikamwona Mama Juri. Amezeeka sana. Miguu imevimba, viatu amevivua ameviweka pembeni. Kutoka kwake mpaka pale unapita kituo kingine chenye daktari mzima. Alikuwa amekipita.

Nilisimama mbele yake.

"Mpaka huku? Umekuja kumkagua mutoto wangu?"

Aliinua kichwa. Macho yalikuwa na ukungu.

"Hapana, mama," akasema. "Nimekuja kuumwa."

Riziki akatokea mlangoni, akamwona, akasimama. Kisha akaja mpaka benchini, akachuchumaa, akamsalimu kwa mikono miwili. Akamuuliza ilianza lini. Akamuuliza miguu inavimba asubuhi au jioni. Akamuuliza anakojoa mara ngapi, mbele yetu wote, kwa sauti ya chini lakini bila kutazama pembeni. Mama Juri alijibu kila swali, kifupi, hakuongeza kitu. Ilichukua muda. Mjamzito akaanza kunung'unika. Riziki akampa mkono, akamwinua, wakaingia ndani, viatu amemshikia.

Nikaweka sahani ya bugali juu ya dirisha. Mahali alipotoka yule mama palikuwa wazi bado. Nilikaa pale, nikapandisha kikwembe kidogo juu ya goti, nikangoja zamu yangu.